Shajara ya mradi: kuichagulia okteni injini ya Volkswagen 1776 inayopozwa kwa hewa, kutoka Nairobi hadi usawa wa bahari

Januari: injini na kalenda yake

Shajara hii inafuatilia injini ya Volkswagen Type 1, ile ya Beetle, yenye silinda nne zilizolala na feni badala ya rejeta. Ilitoka kiwandani ikiwa na cc 1584. Sasa ina pistoni za kipenyo cha milimita 90.5 na krankshafti yenye mwendo wake wa asili wa milimita 69, na hesabu ya ujazo wake inafika cc 1776. Gari litashindana katika mbio za muda kwenye njia za vumbi, nyingi zikiwa Nairobi na Bonde la Ufa, na raundi moja itafanyika Pwani. Nimeitaja kalenda mapema kwa sababu, kadiri ninavyoendelea na kazi hii, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba okteni huchaguliwa kwa kuangalia mahali injini itakapovuta hewa, na kwamba uwiano wa mgandamizo, yaani mara ngapi silinda inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli, unapaswa kufuata uchaguzi huo wala si kuutangulia.

Hedi nilizonunua zilikuwa zimekatwa na mtumiaji wa awali kwa ajili ya mbio. Nilizipima kwa bureti na kipande cha kioo, na kila chumba cha kuwakia kikatoa cc 40.3. Pistoni zinaishia milimita 1.0 chini ya ukingo wa silinda, nafasi inayoongeza cc 6.4, hivyo pistoni inapofika juu kabisa hewa hubakiwa na cc 46.7. Kila silinda inafagia takriban cc 444. Uwiano unakuwa 10.5 kwa 1.

Uwiano huo ni mkubwa kwa Beetle. Tommy Fjastad aliposhinda mbio za magari za Safari za mwaka 1962 kwa Volkswagen 1200, injini za aina hiyo zilitoka kiwandani na uwiano wa 7.0 kwa 1. Zilijengwa kumeza petroli duni ya kituo chochote kati ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bila kulalamika. Injini ya 10.5 haina uvumilivu huo, na nani atailisha nini ni jambo la kuamuliwa kabla bolti za hedi hazijakazwa.

Februari: tarakimu ya pampu inasema nini

Wauzaji na mafundi wengi huzungumzia okteni kama nguvu iliyofichwa ndani ya petroli, na dhana hiyo imeharibu injini nyingi. Okteni ni kipimo cha ustahimilivu tu. Cheche inapowasha mchanganyiko, moto huanza kwenye plagi na kusafiri kuelekea upande wa mbali wa chumba, na mchanganyiko ulio mbele yake, ambao haujaungua bado, unabanwa na kupashwa joto na ule ulioungua. Ukifikia kikomo chake kabla moto haujawasili, unajiwasha wote kwa pamoja, na shinikizo hupanda ghafla kwa mshindo unaogonga kuta za silinda. Ndiyo sauti ambayo mafundi wetu huiita kugonga. Petroli ya okteni ya juu huvumilia muda mrefu zaidi kabla ya kujiwasha, na kama injini haiko karibu na kikomo hicho, haiongezewi kitu nayo.

Kipimo chenyewe kilipendekezwa na Graham Edgar mwaka 1926. Alichukua aina moja ya okteni iliyostahimili sana akaipa 100, na heptani iliyogonga upesi akaipa 0. Heptani safi kiasi hicho ilipatikana kwenye utomvu wa msonobari wa Jeffrey unaoota magharibi mwa Marekani. Napenda kukumbuka kwamba sifuri ya kila pampu ya petroli duniani ilianzia kwenye mti.

Kwa mradi huu jambo zito ni kwamba vipimo viko viwili. Kile cha RON hufanywa kwenye injini ya maabara inayozunguka mara 600 kwa dakika ikivuta hewa ya takriban nyuzi 52 za Selsiasi. Kile cha MON huizungusha injini hiyo mara 900 na kuupasha mchanganyiko hadi nyuzi 149 kabla haujaingia ndani. Petroli ileile hupata tarakimu ndogo zaidi kwenye MON, mara nyingi kwa pointi 8 hadi 10. Pampu zetu zinapotaja okteni zinataja RON, ilhali Marekani huandika wastani wa vipimo vyote viwili, na kwa hiyo ushauri wa Mmarekani anayesema injini yake inahitaji 91 hauwezi kuhamishwa hapa kabla haujageuzwa.

Injini inayopozwa kwa hewa inaishi karibu zaidi na hali ya MON. Hedi ya alumini ya Volkswagen inayofanya kazi ngumu hufika nyuzi 180 au 190 chini ya plagi, ilhali hedi ya injini ya maji hufungwa kwenye joto la maji yanayoizunguka. Mchanganyiko hupitia mlango wenye joto, hukutana na vali ya moshi yenye joto zaidi, kisha hubanwa. Ndiyo maana katika shajara hii nitaiangalia MON kwanza na RON baadaye, hata pale ambapo muuzaji hana habari ya MON.

Mfano unaonishawishi zaidi uko Uwanja wa Ndege wa Wilson. Ndege ndogo zinazoruka pale hutumia injini za Lycoming zinazopozwa kwa hewa, na katika familia ya O-320 zile za uwiano wa 7.0 ziliruhusiwa petroli ya ndege ya daraja la 80, huku zile za uwiano wa 8.5 zikihitaji daraja la juu zaidi. Uwiano wa 8.5 katika gari la kawaida la maji hauhitaji cha ajabu. Lakini silinda ya Lycoming ina kipenyo cha milimita 130, moto una safari ndefu, mizunguko ni takriban 2700 kwa dakika tu, na chuma kina joto, kwa hiyo mchanganyiko wa mwisho hupewa muda mwingi wa kujiwasha. Silinda yangu ni ndogo na mizunguko ni zaidi ya mara mbili ya hiyo, na hilo linanipa nafuu. Joto la chuma, hata hivyo, ni lile lile.

Kwa mahesabu yote nimechukulia petroli ya pampu ya RON 93 na MON 83. Nimechagua tarakimu za chini kwa makusudi, kwa kuwa shehena hubadilika na injini haitaniuliza ilijazwa kituo gani.

Machi: hewa ya Nairobi na hewa ya Mombasa

Huu ndio mwezi ulionibadilishia mradi, na ninauandika kwa kirefu.

Uwiano wa mgandamizo ni umbo la chuma na haujui shinikizo la hewa. Kinachoigongesha injini ni shinikizo na joto halisi mwishoni mwa mbano, na shinikizo hilo huanza na hewa ya nje. Kwenye mwinuko wa mita 1700, ambao ni wa Nairobi, hewa ina takriban kilopaskali 82.5. Usawa wa bahari ina 101.3. Injini ya Nairobi hupokea karibu moja ya tano pungufu kila inapovuta pumzi. Ndiyo sababu majimbo ya milimani ya Marekani yamekuwa yakiuza petroli ya kawaida ya okteni ya chini kuliko ile ya tambarare.

Kamshafti niliyochagua hufunga vali ya kuingiza nyuzi 75 za mzunguko wa krankshafti baada ya pistoni kufika chini, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya safari ya kupanda haibani chochote. Kwa fimbo ya pistoni ya milimita 137, pistoni inakuwa imebakiwa na milimita 47.5 vali inapofunga. Hivyo uwiano unaobana kweli ni 7.55 kwa 1, si 10.5. Nikichukua kipeo cha 1.25 kwa mbano lenye kupoteza joto kiasi, shinikizo la mwisho kabla ya cheche linakuwa takriban kilopaskali 1030 Nairobi. Injini hiyohiyo, bila kuguswa, inapata takriban 1270 Mombasa.

Kisha nikaliuliza swali kinyume: ni uwiano gani ungetoa Mombasa shinikizo lile lile ambalo 10.5 inatoa Nairobi? Hesabu inajibu takriban 8.85 kwa 1. Maana yake ni kwamba mtu anayejenga injini ya 10.5 Nairobi, akaijaribu Nairobi kwa petroli ya pampu, akaridhika nayo, amejaribu kitu kinachofanana kwa shinikizo na injini ya 8.85 ya Pwani. Akiishusha kwenye trela hadi baharini ameibadilisha injini bila kufungua bolti moja. Joto la mwisho wa mbano halifuati hesabu hii moja kwa moja, kwa kuwa linategemea zaidi uwiano wenyewe na joto la hewa inayoingia, na hewa ya Mombasa huingia ikiwa moto zaidi. Tarakimu ya 8.85 ninaichukua kama onyo la upande, si kama kipimo cha mwisho.

Kuna hatari ya pili iliyojificha kwenye kabureta. Hewa ikiwa nzito zaidi kwa ujazo uleule, kabureta huongeza petroli, lakini huiongeza kwa kipeuo cha pili cha uzito wa hewa tu. Nikizingatia tofauti ya shinikizo na ya joto, mchanganyiko uliokuwa sawasawa Nairobi unafika Mombasa ukiwa umepungukiwa na petroli kwa takriban asilimia 9. Mchanganyiko wenye petroli kidogo huipasha hedi joto na kuikaribisha kwenye kugonga. Shinikizo linapanda na petroli inapungua katika safari ileile, na ninadhani hapa ndipo injini nyingi za Nairobi zinazokufa Pwani hufia, huku lawama ikitupiwa petroli ya Mombasa.

Katika upande wa nafuu, feni ya Volkswagen husukuma ujazo uleule wa hewa kwa kila mzunguko, kwa hiyo Pwani inasukuma uzito mkubwa zaidi wa hewa juu ya mapezi ya silinda. Hewa ni ya moto zaidi lakini ni nyingi zaidi. Faida hiyo ni ya kweli, ingawa haitoshi kulipa deni lote.

Aprili: petroli zinazopatikana

Jibu la kwanza ambalo kila mtu karakanani alinipa ni petroli ya ndege. Avgas 100LL ni ya rangi ya buluu, ina MON isiyopungua 99.6, na hutengenezwa kwa usimamizi mkali kuliko petroli yoyote ya barabarani. Kwa kigezo cha kugonga pekee, ingeimaliza mada hii: injini ya 10.5 ingeishi nayo hata Pwani. Lakini ustahimilivu wake mkubwa unatokana na risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi ya magari kufikia mwanzo wa mwaka 2006, baada ya azimio lililopitishwa Dakar mwaka 2001, na sababu yake ilikuwa damu na ubongo wa watoto wanaokaa kando ya barabara. Njia zetu za mashindano zimezungukwa na watazamaji, na watoto wamo miongoni mwao. Siwezi kuirudisha risasi kwenye vumbi lao ili nipate sekunde chache.

Hata asiyesumbuliwa na hilo atakutana na kanuni. Masharti ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa petroli ya kawaida ya mashindano yanaweka ukomo wa RON 102 na MON 90, na risasi inaruhusiwa kwa kiasi cha chembe tu. Avgas inavuka ukomo wa MON na ule wa risasi kwa pamoja. Zaidi ya hayo, risasi huua kihisi cha oksijeni ninachotumia kupima mchanganyiko kwenye ekzosi, na kuipima injini hii bila kihisi hicho ni kufanya kazi gizani. Nimeifunga mada ya avgas.

Tolueni ina RON ya takriban 120 na MON inayopita 105, na MON kubwa kiasi hicho inaifanya ivutie sana kwa injini ya hewa. Tatizo ni chanzo chake. Kinachouzwa madukani kama thina ni mchanganyiko wa vitu ambavyo kopo halivitaji, na baadhi ya vimumunyisho hivyo hula mipira na kabureta. Tolueni safi ya maabara ni ghali, mvuke wake unaumiza neva za mtu anayeipima, na huchemka kwenye nyuzi 110, hivyo ikizidi injini haiwaki vizuri asubuhi. Niliiacha.

Vichupa vya kuongeza okteni vinahitaji kusomwa kwa makini. Vingi huahidi kupandisha pointi kadhaa, ilhali katika lugha ya watengenezaji wake pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni. Vile vinavyotumia manganizi hufanya kazi kwa kiasi, lakini huacha utando mwekundu kwenye plagi, na mimi nategemea rangi ya kauri ya plagi kusoma hali ya injini. Petroli ya pampu ya bei ya juu nayo hutofautiana na ya kawaida hasa kwa visafishaji vyake. Visafishaji vina kazi yake nzuri ya kuzuia masizi kwenye vali, lakini kisafishaji hakiongezi okteni, na nisingejenga injini juu ya jina lililoandikwa kwenye pampu.

Ikabaki ethanoli, na hapa nilitumia muda mrefu kuliko kwingine kote. Kenya inaijua. Katika miaka ya 1980 petroli ilichanganywa na ethanoli ya molasi iliyotoka Muhoroni, kwenye ukanda wa miwa. RON yake ni takriban 108 na MON yake ni takriban 90, kwa hiyo kwenye karatasi inasaidia RON zaidi ya MON, kinyume cha ninachohitaji. Ninachokithamini ni kwamba kila kilo ya ethanoli inapovukizwa hunyonya zaidi ya mara mbili ya joto linalonyonywa na kilo ya petroli. Katika injini ya maji jambo hilo husaidia kidogo. Katika injini ambayo mlango wake wa kuingiza ni kipande cha alumini kilichoungana na chumba cha moto, huo ni upoaji unaofanyika mahali pale pale panapouma, na tarakimu ya MON haiwezi kuuonyesha wote, kwa kuwa kipimo cha MON huupasha mchanganyiko kwa makusudi kabla haujaingia.

Kiasi kinaamuliwa na kanuni pia. FIA huruhusu oksijeni hadi asilimia 3.7 ya uzito wa petroli, na ethanoli ya asilimia 10 kwa ujazo inaleta takriban 3.6. Hivyo asilimia 10 ndiyo dari yangu. Kwa mchanganyiko huo RON hupanda pointi 2 hadi 4 kulingana na petroli ya msingi, na MON nimeihesabia pointi moja tu ili nisijidanganye. Hewa inayohitajika kwa uchomaji kamili hushuka kutoka 14.7 hadi takriban 14.1 kwa kila kipimo kimoja cha mafuta, kwa hiyo jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, lazima zipitishe takriban asilimia 4 zaidi.

Maji ni adui wa mpango huu. Maji yakikaribia nusu asilimia ya mchanganyiko wa aina hii, ethanoli hujitenga na petroli na kuzama pamoja na maji chini ya tanki, na injini huvuta kwanza ethanoli yenye maji, kisha petroli isiyo na kinga. Ethanoli ya asilimia 96 inaleta karibu maji yote hayo tangu mwanzo. Ninatumia ile iliyokaushwa hadi kupita asilimia 99, ninaichanganya siku ya kukimbia, na kila mchanganyiko ninauacha kwenye chupa ndefu ya kioo kwanza. Ukiwa na ukungu, hauingii kwenye tanki. Mipira yote ya zamani ya petroli imeondolewa na kuwekwa ile inayovumilia ethanoli.

Mei: kuufuata uamuzi wa petroli kwa chuma

Petroli ikiwa imejulikana, chuma kilipaswa kuitii. Nilipanga kushuka hadi 9.7 kwa 1, na njia za kufika huko zilikuwa mbili.

Njia ya kwanza, inayopendwa kwa kuwa ni rahisi, ni kuweka shimu nene, yaani pete ya chuma ya kuiinua, chini ya silinda. Shimu ya nusu milimita ingetupa 9.9, na ya milimita nzima 9.4. Niliikataa kwa sababu nafasi ya milimita 1.0 kati ya pistoni na sehemu bapa ya hedi ina kazi. Pistoni inapokaribia juu, hewa iliyo pale hufinywa na kurushwa kuelekea plagi, ikichochea moto kwenda haraka, na ile inayobaki ni nyembamba kiasi kwamba chuma huipoza. Nafasi hiyo ikifika milimita 2, mchanganyiko wa mwisho hupata makazi mazuri mbali na plagi, pale pale unapopenda kujiwasha. Mtu anaweza kushusha uwiano kwa njia hiyo na akapata injini inayogonga zaidi.

Njia ya pili ni kuongeza chumba chenyewe. Mwenye mashine ninayefanya naye kazi alisaga cc 4.3 kwenye kila chumba, akianzia kuta zinazoibana vali ya kuingiza, kisha tukalainisha kila ukingo mkali kwa mkono. Kazi hiyo ilichukua uvumilivu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa tulipima kwa bureti kila baada ya mguso mdogo ili vyumba vyote vinne vilingane. Kingo kali zina umuhimu katika injini ya hewa: ncha nyembamba ya alumini au uzi wa plagi uliojitokeza ndani hubaki mwekundu na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na hilo ni tatizo ambalo okteni haiwezi kulitibu kikamilifu.

Baada ya hapo chumba kilisoma cc 44.6, jumla 51.0, uwiano 9.7. Uwiano unaobana kweli kwa kamshafti hii ni 7.0. Hesabu inatoa takriban kilopaskali 940 Nairobi na 1150 Mombasa kabla ya cheche. Msomaji makini ataona kwamba 9.7 ya Mombasa bado inazidi 10.5 ya Nairobi kwa zaidi ya asilimia 10, na tofauti hiyo ndiyo inayobebwa na ethanoli, jeti na taiming, yaani nyuzi za mzunguko wa krankshafti ambazo cheche huitangulia pistoni kufika juu.

Silinda namba 3 ilipewa uangalifu wake. Katika Beetle za zamani kipoza-oili husimama ndani ya nyumba ya feni na kuizuia hewa ya silinda hiyo, na Volkswagen wenyewe walizitengeneza distributa nyingi ili cheche ya namba 3 ichelewe kidogo. Injini hii ina nyumba ya feni ya mtindo wa baadaye, ambamo kipoza-oili kina njia yake ya pembeni. Nimeziba kila upenyo kwenye mabati kwa mpira, kwa sababu hewa inayotoroka kwenye tundu la bati ni okteni inayotoroka.

Juni: majaribio

Nairobi, injini ikiwa na moto na kabureta zikiwa wazi, kipimo cha mgandamizo kilisoma karibu PSI 125 kwenye silinda zote, sawa na hesabu. Jeti kuu za 130 zilitoa mchanganyiko mzuri na ethanoli ya asilimia 10. Kwa taiming ya nyuzi 30 hakukuwa na dalili yoyote ya kugonga, na kauri za plagi zilikuwa safi, bila vijidoa vyeusi wala chembe zinazong'aa za alumini. Chini ya plagi, namba 3 ilifika nyuzi 185 na nyingine zilikaa chini yake kidogo.

Kusikiliza injini hii kunahitaji msaada. Feni, tapeti na ekzosi hufunika sauti zote, na dereva atakayengoja kusikia kugonga kwa masikio yake atasikia pistoni ikivunjika. Nimefunga bomba dogo la shaba kwenye bolti ya kizimba cha injini, na mpira mrefu kutoka hapo hadi kwenye viziba-masikio. Kugonga husikika kama changarawe kavu iliyomwagwa juu ya bati, tofauti kabisa na tapeti.

Tuliposhuka, tulisimama karibu na Voi, mwinuko wa karibu mita 600, na kwa ruhusa ya mwenye shamba la mkonge tukakimbia kwenye barabara yake ya ndani. Kwa jeti za Nairobi kihisi cha oksijeni kilionyesha mara moja kwamba petroli imepungua. Hatukuendelea na mzigo mkubwa. Kwa jeti za 135 mchanganyiko ulirudi, na taiming ya nyuzi 28 ilikuwa tulivu.

Pwani ndipo mradi ulipojibiwa. Kipimo cha mgandamizo kilisoma karibu PSI 150. Hesabu ya kabureta ilikuwa imetaka jeti ya 136, na kati ya 135 na 137.5 nilizokuwa nazo nikachagua kubwa. Kwa taiming ya nyuzi 30, kabureta zikiwa wazi na mizunguko ikiwa karibu 3000, changarawe ilisikika kwenye mpira, nasi tukaachia mara moja. Ilitoweka kwenye nyuzi 28. Nilirudisha mbili zaidi, hadi 26, kwa sababu siku ya mashindano hewa inaweza kuwa na joto kuliko siku ya majaribio. Namba 3 ilifika nyuzi 195 mwishoni mwa mkimbio mrefu na kushuka haraka tulipopunguza mzigo. Plagi zilitoka safi.

Tulirudia pia kwa petroli ya pampu tupu, bila ethanoli, kwa taiming ileile ya 26. Changarawe ilirudi kwa udogo pale pale kwenye mizunguko 3000, na joto la hedi lilipanda upesi zaidi. Kwangu hicho ndicho kipimo bora cha ethanoli katika mradi huu, kuliko tarakimu yoyote ya RON.

Julai: mpangilio unaotumika na kazi iliyobaki

Kwa Nairobi na Bonde la Ufa: petroli ya pampu yenye ethanoli kavu ya asilimia 10, jeti kuu 130, nyuzi 30. Kwa Pwani: mafuta yaleyale, jeti 137.5, nyuzi 26, na mkimbio unakatishwa namba 3 ikipita nyuzi 200. Petroli ya raundi ya Pwani itanunuliwa kwa mkupuo mmoja, na mchanganyiko wa kwanza utajaribiwa kwenye mpira wa kusikilizia kabla gari halijapangwa kwenye mstari.

Wapo walioniambia kwamba kwa kuacha 10.5 nimeitupa nguvu ya Nairobi kwa ajili ya raundi moja ya mwaka. Ni hoja ya haki, na mtu ambaye gari lake haliteremki kamwe chini ya mita 1500 anaweza kabisa kubaki na 10.5 kwa petroli ya pampu, mradi joto la hedi analipima. Hasara ya kutoka 10.5 hadi 9.7 ni ndogo, asilimia chache tu za nguvu, na vyumba vilivyosagwa vinapumua vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kazi inayofuata ni distributa. Kugonga kulitokea kwenye mizunguko 3000, ilhali juu ya 4500 injini ilikuwa tulivu hata kwa nyuzi 30, kwa kuwa mchanganyiko hukosa muda wa kujiwasha. Taiming moja isiyobadilika kwa mizunguko yote inaninyima nyuzi nne huko juu kwa sababu ya tatizo la huku chini. Nimeagiza uzito na springi za kubadilisha mkondo wake, ili cheche ifike 26 kwenye mizunguko 3000 na kuendelea kupanda taratibu hadi 29 baada ya 4500, na mkondo huo utapimwa kwanza kwenye mashine ya distributa kabla haujaguswa na petroli ya Pwani.